Kwa nini Windows inafuta maneno near na far? Uzi mrefu wa anwani za kumbukumbu zilizokuwa zinahamahama

FundiRedio #1

Wakuu salaam. Juzi usiku mpwa wangu kanipigia simu, yuko mwaka wa pili chuo. Anaandika kigemu cha pande tatu kwa C++ kwenye Windows, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Mjomba, kompaila imerogwa."

Kamera ya gemu inahitaji namba mbili: inaanza kuona kuanzia wapi, na inakomea wapi. Yeye kaziita kama kila mtu anavyoziita:

float near = 0.1f;
float far = 1000.0f;

Kompaila, ile programu inayogeuza alichoandika kuwa lugha ya mashine, inagoma, inalalamikia ile alama ya sawasawa. Kaikagua mistari hiyo kutwa nzima, kaifuta, kaiandika upya, wapi. Na kweli haina kosa, hata mimi naiona.

Nikamwambia fungua faili la windef.h, lile linaloingia ukiita windows.h, tafuta neno far. Akalikuta: #define far. Mbele yake patupu. Karibu yake near, hivyo hivyo. Maana yake kila kompaila ikikutana na maneno hayo inayafuta kabla kazi haijaanza. Yeye anaona float near = 0.1f, kompaila inaona float = 0.1f. Lazima igome.

Akauliza, "Sasa nani alikaa kitako akaamua kufuta maneno ya watu?" Jibu linaanzia mwaka 1978, na kwa simu lingemaliza bando la watu wawili. Nimemwahidi nitaliandika huku. Nashusha kidogo kidogo, nina wateja dukani.

Kitumbua Moto #2

Nimeweka kigoda mkuu. Usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea kesho" halafu hawaonekani mpaka uchaguzi ujao.

FundiRedio #3

Twende. Prosesa ya Intel 8086 ilitoka 1978. Rejista zake, vile vijisanduku vya namba ndani ya prosesa, ni za biti 16. Biti 16 zinahesabu kutoka 0 hadi 65,535, yaani kilobaiti 64, hapo zimeishiwa. Lakini Intel walitaka ifike megabaiti 1, na hiyo inadai biti 20. Namba ya biti 20 haiingii kwenye rejista ya biti 16 hata uisukume kwa goti. Wakatumia rejista mbili kwa pamoja: segmenti na ofseti. Chukua segmenti, zidisha kwa 16, jumlisha ofseti, umepata mahali penyewe.

Fikiria barabara ndefu isiyo na namba za nyumba. Kila baada ya hatua 16 wamesimika nguzo yenye namba. Ukimwelekeza mgeni unamwambia: nenda nguzo fulani, kisha tembea hatua kadhaa, zisizidi 65,535. Sasa piga hesabu (hiyo h ni hesabu ya msingi wa 16, humo kuzidisha kwa 16 ni kuongeza sifuri moja mwishoni). Nguzo 1234h na hatua 5: 12340h + 5 = 12345h. Nguzo 1000h na hatua 2345h: 10000h + 2345h = 12345h. Nyumba ile ile! Ni kama uswahilini kwetu, mmoja anakwambia "ya tatu kutoka msikitini", mwingine "ya kumi kutoka kwa Mangi", wote wanakufikisha kwa mama yule yule muuza maandazi. Baiti moja inaweza kuwa na anwani 4,096, zote halali.

Inachekesha mpaka siku ikupate. Ukiuliza kama vielekezi viwili (pointer, vitu vinavyoshika anwani) ni sawa, kompaila inalinganisha namba, haiendi kuangalia nyumba. Unaambiwa ni tofauti kumbe vyote vimesimama mlango mmoja. Ukiuliza kipi kiko mbele ya kingine, hapo ndiyo usiseme, maana kompaila ya Microsoft ilikuwa inapima ofseti peke yake, segmenti inaiacha pembeni.

Sasa near na far. Kielekezi cha near kina biti 16, ni hatua tu. Nguzo haitajwi kwa sababu wote mko mtaa mmoja: "njoo nyumba ya tatu", umeelewa. Kielekezi cha far kina biti 32, nguzo pamoja na hatua. Ni kizito mara mbili na kinachelewesha, kwa sababu kila ukikitumia prosesa inabidi ipakie rejista ya segmenti upya. Lugha ya C yenyewe haijui near wala far. Waliyaongeza watengenezaji wa kompaila za PC, kwa sababu bila hayo mtu asingeandika programu inayozidi kilobaiti 64 za data bila kulia.

Cha tatu kinaitwa huge. Hicho kina kesi yake, kitakuja.

Chura Kiziwi #4

Ndiyo maana mimi siku zote nasema Intel walituchelewesha. Motorola 68000 ilitoka 1979, mwaka mmoja tu baadaye, rejista za biti 32, anwani imenyooka kama reli ya TAZARA. Hakuna nguzo, hakuna hatua. Macintosh wakaichukua, Amiga wakaichukua, Atari ST wakaichukua. IBM wakaenda kuokota 8088, ndugu wa 8086, mwaka 1981, na dunia nzima ikabeba huo msalaba.

FundiRedio #5

Chura, Mac nakuja nayo. Usishangilie mapema.

dada_wa_C #6

Kaka FundiRedio, mimi nimewahi kusoma msimbo wa DOS, ule mfumo wa PC wa kabla ya Windows, kidogo, hizo far nazijua. Ila nikifungua msimbo wa Windows 3 nakuta vitu vingine kabisa: GlobalAlloc, GlobalLock, GlobalUnlock, GlobalFree. Mtu anafunga na kufungua kama bawabu. Kwa nini asiombe kumbukumbu akapewa kielekezi, akatumia, akarudisha? Malloc, ile njia ya kawaida ya C ya kuomba kumbukumbu, ilikuwa na ubaya gani?

FundiRedio #7

Swali lako dada ndiyo moyo wa uzi wenyewe.

Windows 1.0 ilitoka Novemba 1985, kwenye mashine ambazo programu zote zinagombania kilobaiti 640. Humo ndani kuna DOS, kuna Windows yenyewe, kuna saa, kuna Notepad, kuna na programu yako. DOS inaendesha programu moja, ikimaliza inaondoka na kila kitu chake. Windows inaendesha nyingi pamoja, moja inaomba, nyingine inarudisha, na baada ya nusu saa kumbukumbu imekuwa na mashimo kama barabara ya mtaa baada ya masika. Una kilobaiti 80 tupu lakini zimetawanyika vipande kumi. Mtu anaomba 40 zilizoshikana, huna.

Dawa ni moja: kusogeza vitu ili mashimo yaungane. Na ukishasogeza, kila aliyeshika anwani ya zamani anaangukia kwenye nyumba ya watu.

Ndipo kikaja kishikio (handle). Mmepanda basi la mkoani? Unampa konda begi, anakupa kikaratasi chenye namba, begi linaingia buti. Njiani kila kituo konda anapanga upya: gunia la mahindi huku, jogoo kule, begi lako kutoka kushoto limeenda kulia chini. Wewe hujui na hupaswi kujua. Una namba. GlobalAlloc inakupa namba hiyo. Ukitaka kutoa kitu ndani ya begi unamwambia konda "subiri, usiguse langu kwanza", hiyo ndiyo GlobalLock, na hapo ndipo unapopewa kielekezi cha far, anwani ya kweli ya saa hiyo. Ukimaliza, GlobalUnlock, konda yuko huru tena. Sheria ni mbili tu: usishikilie muda mrefu, na ukishaachia, anwani uliyokuwa nayo isahau kabisa.

Sheria ya pili mimi niliijua kwa gharama. Mwaka 1992 nilikuwa kijana wa kompyuta kwenye ofisi moja, jina nalihifadhi. Nikaandika kijiprogramu cha orodha ya wateja kwa Windows 3.0. Nikawa nafunga kumbukumbu, nachukua kielekezi, nafungua, halafu naendelea kukitumia kielekezi kile kile, kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi. Mashine yangu ilikuwa ya prosesa ya 386, mjukuu wa 8086, yenye megabaiti 4. Miezi miwili hakuna kosa hata moja. Tukaiweka kwenye mashine ya mapokezi, XT kongwe, PC ya zama za 8088, ya kilobaiti 640. Siku ya kwanza dada wa mapokezi ananiita: majina ya wateja yanatokea yamechanganyika na vipande vya menyu. Mteja anaitwa "Juma File Edit". Nilicheka, kisha nikakaa siku tatu bila kucheka.

Kilichotokea: nikifungua dirisha dogo la maswali, Windows inahitaji nafasi, inasogeza lundo (heap, akiba ya kumbukumbu inayogawiwa kwa kuombwa), orodha yangu inahamia kwingine, na mimi nasoma mahali ilipokuwa asubuhi. Kwa nini kwenye 386 haikutokea? Tulia, linakuja.

Baadaye nikajua kwamba ndani ya SDK ya Windows, zile zana za waandishi wa programu, kulikuwa na programu inaitwa Shaker, kazi yake ni kutikisa kumbukumbu makusudi ili vitu vihame na makosa ya namna yangu yajitokeze mapema. Ilikuwepo kwenye disketi zile zile nilizokuwa nazo. Sikuwahi kuifungua.

Kitumbua Moto #8

Juma File Edit!! 😂 Huyo si mteja, huyo ni menyu yenye kitambulisho.

BabaJunior_Moro #9

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi niliandika Windows 3.1 kidogo mwaka 94 na 95, kazi ndogo ndogo. Kuna kitu nilikuwa nakiandika kama dua bila kujua maana yake: MakeProcInstance. Kitabu kilisema andika kabla ya kufungua dialogi, ukisahau programu inaanguka. Nikawa naandika. Leo nina mvi, hebu niambie nilikuwa naomba nini.

FundiRedio #10

BabaJunior, uliomba Windows isisahau wewe ni nani.

Ukifungua Notepad mara mbili, Windows haipakii msimbo mara mbili, kumbukumbu yenyewe iko wapi? Msimbo ni mmoja, wanashirikiana. Data ndiyo kila mmoja na yake: kila nakala ina segmenti yake moja ya data, na ndani ya kilobaiti 64 hizo zinajibana data zako, staki yako (pale zinapowekwa anwani za kurudi na data za muda) na lundo lako dogo. Sasa Windows inapokuita kutoka nje, mathalani mtu kabonyeza kitufe kwenye dialogi yako, msimbo ni ule ule wa wote. Utajuaje uko kwa nakala ya kwanza au ya pili? Rejista ya DS, inayoshika segmenti ya data, wakati huo inaelekeza kwenye data za Windows, sio zako.

MakeProcInstance ilikuwa inatengeneza kidaraja cha maagizo mawili: weka segmenti ya data ya nakala hii kwenye rejista ya AX, kisha ruka kwenda kwenye kazi (function) yenyewe. Unaipa Windows anwani ya kidaraja badala ya anwani ya kazi yako. Segmenti ya data ikihama, Windows inakwenda kurekebisha namba ndani ya kidaraja, wewe umelala. Na mwanzoni mwa kazi yako, kompaila ilikuwa imeweka baiti tatu (push ds, pop ax, nop) ambazo Windows ikipakia programu inazifuta ili AX iliyoletwa na kidaraja ipite salama. Kwenye DLL, maktaba ya msimbo wanayoshirikiana programu nyingi, baiti zile zile tatu zinabadilishwa kuwa agizo la kuweka segmenti ya data ya DLL. Baiti tatu, kwa sababu agizo hilo lina baiti tatu kamili. Walipima kama fundi cherehani.

Utamu uko hapa. Mmarekani mmoja, Michael Geary, akagundua kwamba mateso yote hayo kwa programu za kawaida hayakuwa na ulazima. Staki yako iko ndani ya segmenti yako ya data, sivyo? Basi ukiitwa, SS, rejista ya segmenti ya staki, tayari inaelekeza kwako. Chukua SS, weka kwenye DS, maliza kesi. Akaandika kijiprogramu kinaitwa FixDS cha kurekebisha baiti zile tatu, na baadaye kompaila zikaweka jambo hilo kama chaguo la kawaida. Kwa hiyo dua yako ilikuwa na njia ya mkato, ila kitabu chako hakikukuambia.

dada_wa_C #11

Subiri. Umesema data zinahama na Windows inarekebisha. Msimbo je? Kama msimbo nao unahama, na kazi A imeita kazi B, B ikimaliza inarudi kwenye anwani iliyoachwa kwenye staki. Kama A imehamishwa katikati, B inarudi wapi?

FundiRedio #12

Dada, wewe ungeajiriwa siku ile ile.

Ndiyo, msimbo ulikuwa unahama, na mbaya zaidi ulikuwa unatupwa kabisa kumbukumbu ikibana, kisha unasomwa tena kutoka kwenye disketi ukihitajika. Na jibu la swali lako ni kwamba Windows ilikuwa inatembea ndani ya staki za programu zote, fremu (sehemu ya mwito mmoja) moja baada ya nyingine, ikitafuta anwani za kurudi zinazogusa segmenti iliyohama, inazirekebisha mkononi. Kama segmenti imetupwa, inaweka anwani ya kidaraja kitakachoirudisha kwanza.

Lakini ukitembea kwenye staki unajuaje fremu hii ni ya mwito wa karibu au wa mbali? Wa karibu umeacha ofseti tu, wa mbali umeacha segmenti na ofseti. Ukikosea umesoma takataka. Kwa hiyo kila kazi ya far ilianza na agizo la ajabu: inc bp, kabla ya push bp. BP, rejista inayoonyesha fremu ilipo, kwa kawaida ni namba shufwa, kwa sababu staki inakwenda baiti mbili mbili. Ukiiongeza moja inakuwa witiri. Windows ikikuta BP witiri kwenye staki inajua: hii ni far. Biti moja iliyokuwa haina kazi ikapewa kazi ya kubeba mfumo mzima. Nilipoelewa hilo nilitoka nje nikavuta hewa.

Hakukuwa na kifaa chochote kwenye 8086 kinachosaidia haya. Ni programu tupu inayojifanya ina kifaa.

Chura Kiziwi #13

Nasubiri Mac.

FundiRedio #14

Haya Chura, chukua Mac yako.

Macintosh ya kwanza, 1984, ilikuwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu, pungufu hata ya PC. Mashimo yale yale, dawa ile ile: vishikio. Ukiomba kumbukumbu unapewa kielekezi cha kuelekea kielekezi, mfumo ukisogeza begi unabadilisha kielekezi cha kati. Kufunga kunaitwa HLock. Makosa ya Juma File Edit yalikuwepo huko pia, mengi tu. Na segmenti unazosema hawakuwa nazo? Vipande vya msimbo wa Mac vilibanwa kwenye kilobaiti 32, kwa sababu maagizo ya 68000 ya kuruka kwa umbali kutoka mahali ulipo yalitumia biti 16 zenye alama ya kujumlisha na kutoa.

Dhambi kubwa ndiyo hii. 68000 ina rejista za biti 32, lakini nyaya za anwani zinazotoka nje ni 24 tu. Biti 8 za juu hazikuwa zinakwenda popote. Kumbukumbu ikibana namna ile, biti nane za bure ni kama chumba kitupu Kariakoo: Apple wakazipangisha. Kwenye vielekezi vile vya kati wakaweka alama humo: hiki kimefungwa, hiki kinaweza kutupwa, hiki kimetoka kwenye faili la rasilimali. Waandishi wa programu wakaona, nao wakaweka vyao.

Mwaka 1987 ikaja Macintosh II yenye 68020, ambayo inasoma biti zote 32. Sasa alama zile zimegeuka kuwa sehemu ya anwani. Programu iliyozoea inaruka mbali kabisa ya kumbukumbu. Na sio programu za watu tu, ROM ya Apple yenyewe, ile chipu yenye programu za kudumu, haikuwa safi. Matokeo, mtu ananunua mashine ya bei mbaya, anaweza kuchomeka kumbukumbu nyingi, mfumo unaona megabaiti 8. Mac ya kwanza yenye ROM safi ilikuwa IIci ya 1989, na swichi ya biti 32 ikaja na System 7 mwaka 1991. Wenye Mac II za zamani waliokolewa na kampuni nyingine, Connectix, kwa programu yao MODE32.

Anwani iliyonyooka kama TAZARA, Chura. Tatizo walilileta wenyewe, begani.

Chura Kiziwi #15

Nimekubali nusu. Kosa la Apple lilikuwa la waandishi, kosa la Intel limechongwa kwenye silikoni.

FundiRedio #16

Nusu yako naipokea. Sasa tuje kwenye silikoni, na pale nilipowaahidi: kwa nini kosa langu halikuonekana kwenye 386.

Intel 80286 ya 1982 ilikuja na modi mbili. Modi halisi, inajifanya 8086 yenye mbio. Na modi ya ulinzi, inafika megabaiti 16. Kwenye modi ya ulinzi rejista ya segmenti haibebi tena namba ya nguzo. Inabeba selekta, namba ya mstari kwenye daftari.

Mnamkumbuka mjumbe wa nyumba kumi na daftari lake? Ndiyo hilo. Kila mstari una baiti 8, umeandikwa: nyumba inaanzia hapa, uzio unaishia hapa, huyu anaruhusiwa kuandika, huyu kusoma tu, hii ni ya msimbo, hii ni ya data. Selekta ina biti 16: tatu za chini ni za ngazi ya ruhusa na daftari lipi, zinabaki 13, yaani mistari 8,192. Ukitaja namba isiyo na mstari, au ukivuka uzio, prosesa yenyewe inakukamata. Kwenye Windows 3.0 likatokea tangazo la Unrecoverable Application Error, kwenye 3.1 wakalibadilisha likawa General Protection Fault. Wengi mnalijua sura.

Sasa familia ikihama, mjumbe anabadilisha daftari. Namba yako ya mstari inabaki ile ile. Kwa hiyo Windows ikisogeza begi lako, kielekezi cha far ulichoshika bado ni sahihi! Ndiyo maana kwenye 386 yangu kosa lilijificha miezi miwili. Mashine ya mapokezi ilikuwa XT, haina modi ya ulinzi, ikaanika uchafu wangu hadharani.

Windows yenyewe ilichelewa kuingia huko. Kiangazi cha 1988, ndani ya Microsoft, David Weise akishirikiana na Murray Sargent, mtu wa fizikia aliyekuwa ameandika kitafuta-makosa kinachojua modi ya ulinzi, wakaanza kuipeleka Windows humo kipande kwa kipande. Kila ikianguka wanaangalia imeangukia wapi, wanarekebisha, wanasonga. Mei 1990 ikatoka Windows 3.0 yenye modi tatu ndani ya boksi moja: win /r kwa modi halisi, win /s kwa 286, win /3 kwa 386. Programu ile ile inatakiwa iishi kote.

Na hapa ndipo watu walipojulikana tabia zao. Waliokuwa wanakiheshimu kishikio kama namba ya konda, hawajali ndani kuna nini, programu zao zilivuka bila shida kubwa. Waliokuwa wajanja, wanaojumlisha segmenti mkononi ili waende kilobaiti 64 zinazofuata, wanaotumia ES, rejista nyingine ya segmenti, kuhifadhi namba ya kawaida kwa sababu rejista zimewaishia, walikufa mlangoni. Kwenye 8086 ukiweka takataka kwenye ES hakuna kinachotokea mpaka uitumie. Kwenye modi ya ulinzi kuiweka tu ni kosa, kwa sababu mjumbe anafungua daftari hapo hapo.

Kesi ya huge sasa. Kielekezi cha huge kinavuka kilobaiti 64 chenyewe: ofseti ikifika mwisho, ongeza segmenti. Uongeze ngapi? Modi halisi unaongeza 1000h, kwa sababu nguzo 4,096 mara 16 ni kilobaiti 64. Modi ya ulinzi unaongeza 8, kwa sababu mstari unaofuata wa daftari uko mbele kwa 8, zile biti tatu za chini. Programu moja, majibu mawili! Microsoft wakaweka kwenye kerneli, kiini cha Windows, jina __AHINCR, na Windows ikipakia programu yako inachomeka jibu la mashine hiyo. Aliyetumia jina hilo alipona. Aliyeandika 0x1000 mwenyewe, pole yake.

Kitumbua Moto #17

Sasa nimeelewa kitu kilichomtesa baba yangu mdogo. Alikuwa na kompyuta ya steshenari, akaongeza RAM mpaka megabaiti 16, enzi hizo pesa ya kiwanja. Windows 3.1 bado inamwambia kumbukumbu haitoshi, funga programu. Akamshika fundi shati akidhani RAM ni feki.

FundiRedio #18

Fundi hakuwa na hatia. Windows ilihifadhi habari za kila dirisha, kila kitufe, kila menyu kwenye lundo dogo la moduli ya USER, na kalamu, brashi na fonti kwenye lundo la GDI, moduli ya kuchora. Malundo hayo yalitumia vielekezi vya near. Near ni biti 16. Biti 16 ni kilobaiti 64. Ile asilimia ya "system resources" aliyokuwa anaiona ni nafasi iliyobaki humo, na RAM hata ungemwaga lori zima haiingii. Kwenye 3.1 waliongeza malundo kidogo, menyu zikapata la kwake, ikasaidia kiasi. Windows 95 ilihamisha baadhi ya vitu kwenye malundo ya biti 32, lakini USER na GDI za biti 16 zikaendelea kuwemo ndani.

BabaJunior_Moro #19

Na haya yote yakaisha lini?

FundiRedio #20

Windows 3.1, Aprili 1992, ikaitupa modi halisi. Windows NT mwaka 1993 ikaja na kumbukumbu bapa: biti 32, segmenti zote zinaanzia sifuri, kielekezi ni namba moja. Near na far zikawa kitu kimoja. Lakini kulikuwa na msimbo mwingi wa dunia umeandikwa FAR PASCAL na LPSTR, na hakuna aliyetaka kuufuta kwa mkono. Wakaandika #define far, patupu, na mamilioni ya mistari ikaendelea kukompailika. L ya LPSTR ni ya kielekezi kirefu, far. Leo mnaiandika kwenye mashine za biti 64.

Mpwa wangu kabadilisha majina, kaandika nearPlane na farPlane. Kuna wanaoweka #undef (kufuta ile #define) baada ya windows.h, sishauri, baadhi ya faili za vichwa (.h) za Windows bado zinaitumia FAR, na FAR yenyewe imefafanuliwa kuwa far.

dada_wa_C #21

Swali la mwisho kaka. Ile programu yako ya Juma, je, ukiibofya kwenye Windows ya sasa itafunguka?

FundiRedio #22

Haifunguki. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Na moja ya sababu walizotoa Microsoft wenyewe itakufurahisha: vishikio. Kwenye Windows ya biti 64 kishikio kina biti 32 zenye maana, na programu ya zamani ina nafasi ya biti 16 tu ya kukipokea. Ukikikata, namba ya konda imepotea nusu.

Ila kwenye DOSBox, programu inayoigiza PC ya zamani, nimeweka Windows 3.1, inafunguka vizuri tu. Disketi ya programu nilikuwa nayo kabatini, imesoma kwa kusuasua, faili moja la data limegoma. Orodha ya wateja imepona nusu. Juma yumo, jina lake kamili.

Kitumbua Moto #23

Weka picha tumwone Juma.

FundiRedio #24

Siweki, ni orodha ya wateja wa watu. Ila nimeongeza mteja mmoja mpya, Bwana Kitumbua File Edit.